Mizizi ya drosera ikitokeza mahali pa ajabu: namna ya kuichunguza na la kufanya

Ukilea drosera nyumbani, ule mmea mdogo wenye majani yaliyojaa nywele nyekundu na matone ya gundi yanayonasa nzi, ipo siku utakuta mizizi mahali ambapo hukuitegemea. Pengine imechomoza kwenye shina, juu kabisa ya udongo, inaning'inia hewani. Pengine imepenya matundu ya chini ya kopo na kujilaza kwenye maji ya sahani. Au umeutoa mmea ili uuhamishe, ukakuta mizizi myeusi tititi, na jirani aliyekuwa anachungulia akakwambia, "Dada, hiyo imeshaoza, tupa tu."

Usitupe. Kwa drosera, mizizi ya namna hiyo mara nyingi ni dalili ya mmea ulio hai na wenye nguvu. Inapokuwa tatizo, chanzo chake huwa ni maji au udongo, wala si mzizi wenyewe. Kwa hiyo anza kwa kutazama, kisha kagua maji, kisha udongo, na mkasi uje mwisho kabisa. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, kwa hali ya hewa ya huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe: mvua za msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, baridi kavu ya Juni na Julai, halafu jua na upepo mpaka mvua zirudi.

Jua unalea drosera gani

Drosera zipo aina zaidi ya 200 duniani na mizizi yao haifanani. Charles Darwin, alipochapisha utafiti wake kuhusu mimea inayokula wadudu mwaka 1875, aliikuta drosera ya Ulaya yenye majani ya mviringo ikiwa na vijizizi viwili vitatu tu vya sentimita moja hadi mbili na nusu hivi, akaona kazi yake ni kunywa maji, chakula kinatoka kwa wadudu. Watu wengi wamebaki na picha hiyo, ndiyo maana wanashtuka wakikuta drosera yao ina mizizi mirefu kuliko majani.

Drosera inayopatikana kwa urahisi zaidi kwa wafugaji ni *Drosera capensis*, asili yake Rasi ya Afrika Kusini. Hii ina mizizi minene, myeusi, inayokwenda chini kadiri kopo linavyoruhusu. *Drosera binata* ya Australia na New Zealand, yenye majani yaliyogawanyika panda, nayo ni hivyo hivyo. *Drosera regia*, jitu la Afrika Kusini, ina mizizi minene kuliko zote hizo na inataka kopo refu hasa. *Drosera adelae* ya Queensland ina tabia ya kuchipua watoto kutoka kwenye mizizi, na usipoiangalia itajaza sahani nzima.

Kwa upande mwingine kuna drosera ndogo za Australia Magharibi ambazo zina mizizi myembamba sana, na nyingine huota juu ya mizizi inayozisimamisha juu ya mchanga kama miguu. Kuna zenye viazi ardhini. Ukikuta donge jeupe au jekundu chini ya drosera ya aina hiyo, ndiyo akiba yake ya kiangazi, liache. Na kuna za mwaka mmoja, kama *Drosera indica*, ambazo mizizi yake ni dhaifu na haifai kuguswa kabisa.

Hata huku Tanzania drosera zipo za asili. *Drosera madagascariensis* huota kwenye madimbwi na tope la nyasi katika sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki, nchi yetu ikiwemo. Shina lake hurefuka likalala, na likishalala kwenye unyevu hutoa mizizi mipya kwenye ubavu. Nalisema hili kwa sababu kuna anayeweza kushawishika kupanda gari hadi Kitulo akachimbe moja. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, inaitwa Bustani ya Mungu kwa maua yake, na tayari imeumizwa vya kutosha na wachimbaji wa viazi vya okidi vinavyovushwa kwenda Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Kung'oa mmea hifadhini ni kosa kisheria. Na ukiagiza mbegu au mmea kutoka nje, pita kwanza kwenye mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, uulize kibali.

Hatua ya kwanza: tazama bila kung'oa

Kama drosera yako ipo kwenye kikombe cha plastiki angavu, una bahati. Kigeuze taratibu dirishani, mwanga upige ubavuni. Utaona mzizi mweusi, mnene kama uzi wa kushonea viatu, umebana kwenye ukuta wa kikombe, na umevaa vinyweleo vifupi vya rangi ya kahawia kuanzia karibu na ncha hadi juu. Vinyweleo hivyo vimeshika chembe za mchanga na vipande vya piti, ule udongo mwepesi wa mimea ya kinamasi iliyooza nusu. Ncha yenyewe, milimita chache za mwisho, haina vinyweleo, na rangi yake ni hafifu, nyeupe inayoelekea maziwa. Ncha hiyo nyeupe ndiyo unayoitafuta. Ikiwepo, mzizi unakua, na weusi wa sehemu nyingine ni rangi yake ya kuzaliwa.

Vinyweleo hivi ndivyo vinavyowachanganya watu wengi wakidhani ni ukungu. Tofauti ipo. Vinyweleo vya mzizi vina urefu unaolingana, vinafuata mzizi na havihami kwenda kwenye udongo ulio pembeni. Ukungu hutambaa ovyo, huanzia kwenye jani lililokufa au mdudu aliyeachwa bila kumalizwa, na ukiugusa kwa kijiti hushikamana na kuvutika. Ukungu juu ya jani lililokufa si wa kuuogopa. Kata jani hilo, litupe, acha hewa ipite.

Kama kopo halionyeshi ndani, tazama maeneo matatu: shina, uso wa udongo, na matundu ya chini. Usivute mmea kujaribu kama "umeshika". Mizizi ya drosera ni mirefu lakini haina matawi mengi, na ukikata mzizi mmoja mkuu kwa kuvuta umeondoa sehemu kubwa ya unyweshaji wa mmea.

Ukilazimika kuugusa mzizi, jaribu hivi: ushike kwa vidole viwili, ubane polepole. Mzizi mzima ni mgumu kidogo na unarudi ukiuachia. Mzizi uliooza unapondeka, ngozi ya nje inachomoka na kubakiza uzi mwembamba katikati, na harufu yake ni ya maji ya mtaro. Hakuna kipimo kingine kinachozidi hicho.

Hatua ya pili: soma mahali mzizi ulipotokea

*Kwenye shina, juu ya udongo.* Hili ndilo linaloulizwa zaidi, na kwa *capensis* iliyozeeka ni jambo la kawaida. Shina hurefuka mwaka hadi mwaka, majani ya chini hufa na kubaki yamelizunguka shina kama sketi, na sketi hiyo hutunza unyevu. Mizizi mipya huchomoza humo ndani, au juu yake, ikitafuta udongo. Msimu wa mvua, hewa ya Tukuyu au Mufindi ikiwa nzito, itachomoza zaidi. Kiangazi ncha zake zitakauka na kuwa kahawia. Kukauka kwa ncha hizo hakudhuru mmea wenye mizizi mingine ardhini.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza udongo kuzunguka shina mpaka mizizi hiyo ifunikwe. Ondoa kwanza majani makavu kwa mkasi mdogo, kisha jaza, ila usifunike kitovu cha mmea, pale majani mapya yanapojikunjua. Kitovu kikizikwa kinaoza. Ya pili ni kulaza shina lote na kulizika upande, kichwa kikibaki nje. Hii inafaa kama shina limepita sentimita kumi na limeanza kuyumba. Mimi napenda ya pili, kwa kuwa shina lililolazwa mara nyingi huchipua vichwa vipya, ukapata kichaka badala ya fimbo moja.

Au iache ilivyo. Shina refu lenye mizizi ya hewani halina ubaya wowote isipokuwa sura.

*Kwenye matundu ya chini.* Mzizi umefuata maji. Kwa *capensis* na *binata* hilo hutokea hata kopo likiwa bado na nafasi tele, hivyo lisikufanye ukimbilie kuhamisha. Likusukume kuhamisha pale tu mizizi inapokuwa mingi kiasi cha kuziba matundu, au mmea unapotoa majani madogo kuliko ya zamani ilhali jua na maji havijabadilika. Mara nyingine mzizi uliokaa kwenye mwanga chini ya kopo huota kijimea kidogo chenye matone yake. Huyo ni mtoto. Mwache akue hadi afike ukubwa wa kisoda, kisha kata mzizi pande zote mbili na umpande peke yake.

*Juu ya udongo, ukipanda badala ya kushuka.* Hapa sasa simama utafakari. Mzizi unaotambaa juu ya uso wa udongo, au unaochungulia na kuinama tena, mara nyingi unakimbia kukosa hewa huko chini. Udongo umeshikamana, au sahani imejaa maji wiki baada ya wiki bila kupungua. Angalia kama uso wa udongo una utelezi wa kijani na kama ukilinusa kopo chini linatoa harufu mbaya. Vikikutana vyote, nenda hatua ya nne.

*Pembeni mwa mmea, kichipukizi kikitokea sentimita kadhaa kutoka kwa mama.* Hiyo ni kazi ya mizizi, na *adelae* ndiyo bingwa. Usichanganye na watoto wanaoota juu ya jani lililoangukia udongo wenye unyevu, au wanaotokana na mbegu. *Capensis* hujichavusha yenyewe na kumwaga mbegu ndogo sana kila mahali, hata kwenye kopo la jirani.

*Mizizi michache kuliko ulivyotegemea.* Mmea unatikisika, majani hayana matone, na ukiangalia kwenye udongo unaona vijifunza vyeupe vyenye kichwa cheusi. Hao ni watoto wa vijinzi vidogo vyeusi vinavyopenda piti mbichi. Drosera kubwa hula wakubwa wao bila shida, lakini miche midogo huumia mizizini. Acha uso wa udongo ukauke kidogo kati ya kumwagilia, au funika uso kwa mchanga safi, unene wa nusu sentimita.

Hatua ya tatu: kagua maji

Drosera imezoea udongo maskini. Maji yenye chumvi na chokaa huunguza mizizi polepole: ncha nyeupe hupotea, mzizi mpya hutoka juu ya ule wa zamani na kufa nao, na mwisho mmea unategemea mizizi ya shina peke yake. Kwa hiyo wingi wa mizizi ya hewani pamoja na majani makavu yasiyo na matone ni sababu ya kushuku maji.

Tazama birika lako. Kama ndani lina ukoko mweupe, maji ya bomba au kisima chako hayafai. Mwenye kipima chumvi cha maji atafute yasiyozidi 50 ppm (sehemu 50 za chumvi kwa milioni moja za maji); hadi 100 mmea utavumilia, zaidi ya hapo unalimbikiza matatizo. Kuchemsha hakuondoi chumvi, kunaizidisha. Maji ya kunywa ya chupa nayo mengi yana madini, hivyo usidanganywe na usafi wake.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna kisingizio, maana mvua tunayo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kinga kwenye bati, lakini mvua ya kwanza ya Novemba iache ipite yote: bati limebeba vumbi la miezi na majivu ya mashamba yaliyochomwa. Kinga kuanzia mvua ya tatu au ya nne, kwenye madumu safi yaliyofungwa vizuri na kuwekwa gizani ili yasiote kijani. Piga hesabu ya kufika Oktoba. Kopo moja la drosera halinywi maji mengi, ila sahani iliyo juani inakausha haraka kuliko unavyofikiri.

Yakikuishia kiangazi, maji ya betri yanayouzwa gereji na vituo vya mafuta yanaweza kukuvusha, kwa sharti moja zito: yawe maji yaliyotoneshwa, yale ya kujazia. Gereji hizo hizo huuza asidi ya betri, na kuna wauzaji wanaohamishia kwenye chupa zisizo na lebo. Nunua chupa iliyofungwa kiwandani na yenye maandishi. Ukiwa na shaka, acha.

Namna ya kumwagilia: kopo likae kwenye sahani yenye maji ya kina cha sentimita moja hadi mbili. Subiri yaishe, ngoja siku moja, jaza tena. Siku hiyo moja ndiyo inayoingiza hewa chini na kuizuia mizizi kukimbilia juu. Wakati wa masika, kopo likiwa barazani linanyeshewa, ondoa sahani kabisa.

Hatua ya nne: kagua udongo na kopo

Udongo wa bustani, mboji, samadi, udongo mweusi wa msituni na pumba za mbao, vyote havifai. Kinachofaa ni piti pamoja na kitu kigumu kisicho na chumvi, nusu kwa nusu. Piti utaipata kwenye maduka ya pembejeo yanayohudumia watu wa vitalu, hasa tangu parachichi lishamiri Njombe na Rungwe. Soma mfuko. Piti nyingi za miche zimechanganywa na mbolea tayari, na mbolea hiyo inayoinenepesha nyanya ndiyo itakayoua mizizi ya drosera. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina mbolea. Maganda ya nazi yaliyosagwa yanaweza kusaidia kwa shida, lakini huwa na chumvi. Yaloweke na kuyasuuza kwa maji ya mvua mara nyingi kabla ya kuyaamini.

Kwa kitu kigumu, wengi hutafuta pelaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za kulegeza udongo. Huku Mbeya tuna kitu cha karibu zaidi: mlima Rungwe ulitapika mawe mepesi ya volkano, lile jiwe la kusugulia miguu, na yamezagaa kwenye kingo za barabara na mashamba mengi ya huko. Yaponde yafikie ukubwa wa punje za mahindi au chini ya hapo, pepeta vumbi, osha mpaka maji yatoke safi, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Wa Iringa atumie mchanga mkubwa wa mto uliooshwa vivyo hivyo.

Mawe au mchanga, vyote vipimwe kwa siki. Weka kijiko kimoja kwenye kisahani, mimina siki, sikiliza na utazame. Vikitoa mapovu kuna chokaa, usitumie. Vikikaa kimya, endelea.

Kopo liwe la plastiki. Chungu cha udongo kinapendeza dirishani lakini kinafyonza na kulimbikiza chumvi, na cha saruji ni kibaya kuliko vyote kwa sababu ya chokaa. Kindoo cha aiskrimu au kopo la mafuta ya kupaka vinatosha, ukiwa umevitoboa kwa msumari uliopashwa moto. Kina ndicho kinachohesabika: sentimita 10 hadi 15 kwa *capensis* na *binata*, 20 au zaidi kwa *regia*. Kopo pana lakini fupi hufanya mizizi izunguke chini na kutoka nje mapema.

Hatua ya tano: hamisha, kama bado ipo sababu

Wakati mzuri kwetu ni kuanzia mwisho wa Septemba hadi Novemba, joto likiwa limerudi na mvua zikikaribia. Usihamishe Juni na Julai. Usiku wa Makete au Njombe wakati huo unaweza kushuka hadi jalidi, na mizizi iliyojeruhiwa ikikaa kwenye piti baridi na mbichi haiponi.

Loanisha mchanganyiko mpya kwa maji ya mvua hadi ukiukamua mkononi udondoshe matone machache tu. Jaza kopo bila kushindilia. Gonga chini mezani mara mbili ujipange wenyewe. Toboa shimo refu katikati kwa kijiti.

Kopo la zamani liloweke nusu saa ili udongo ulegee, kisha liminye pande zote na ulipindue huku mmea ukipita kati ya vidole vyako. Usishike majani, gundi itaharibika na jani litakushikia mkononi. Donge likitoka, lizamishe kwenye bakuli la maji ya mvua na uache udongo udondoke wenyewe. Hapa ndipo utakapoona mizizi yote kwa mara ya kwanza. Iliyooza ikate hadi sehemu ngumu. Myeusi migumu iache, hata kama imejizungusha. Inyooshe polepole, iteremshe shimoni, ncha zikielekea chini. Rudishia mchanganyiko, mwagia kidogo juu ili ujazane.

Weka kivulini kwenye mwanga mzuri kwa wiki mbili, kisha rudisha juani taratibu. Jua la huku juu ni kali, Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mmea uliotoka kwenye kivuli unaungua kwa siku moja. Matone yatapotea siku za mwanzo, halafu yatarudi na majani mapya. Usiupe mbolea kuuharakisha. Kama una hamu ya kuusaidia, subiri jani jipya lenye gundi kisha liwekee mbu au nzi mdogo. Watafiti wa mimea hii wameonyesha kuwa jani likishakula, mizizi nayo huongeza kunyonya madini, hivyo mdudu mmoja anafanya kazi pande mbili.

Hatua ya sita: mizizi ya ziada uifanye miche

Umehamisha *capensis*, *binata*, *adelae* au *regia* na una mizizi minene iliyokatika au iliyozidi? Usiitupe kwenye jalala. Chukua isiyozidi theluthi moja ya mizizi ya mama, ile minene na migumu. Ikate kwa wembe safi vipande vya sentimita mbili hadi tano.

Tandaza mchanganyiko ule ule kwenye kikopo kifupi, laza vipande juu yake bila kubishana upande upi uangalie juu, vifunike kwa piti kidogo, unene wa nusu sentimita tu. Vikizikwa zaidi vinachelewa au vinaoza. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, ukiacha kizibo wazi ili hewa ipite. Mwanga mwingi, jua la moja kwa moja hapana. Unyevu usikatike.

Vichipukizi huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, vingine hukawia hadi miezi miwili, hasa ukianza baridi haijaisha. Kipande kimoja kinaweza kutoa mche mmoja au mitatu. Vikifikisha majani manne matano yenye matone, anza kuinua chupa saa chache kwa siku, kisha siku nzima, kisha iondoe.

Ikiwa jalidi imeshaunguza juu

Kwa walioko Makete, Njombe na sehemu za juu za Mufindi: drosera ikibabuka yote usiku wa Julai, majani yakawa meusi na kulala, kata sehemu iliyokufa usawa wa udongo na ulete kopo ndani. Punguza maji, udongo ubaki na unyevu bila sahani kujaa. *Capensis* na *binata* zenye mizizi mizuri huchipua upya kutoka chini joto likirudi, na mara nyingi huja na vichwa kadhaa mahali palipokuwa na kimoja. Usichimbe kuangalia. Kopo likifika Desemba bila chochote, mimina udongo kwenye karatasi na ubane mizizi kwa vidole, kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya kwanza. Iliyo migumu bado ni mali: ikate vipande, irudie hatua ya sita.